Mulei na Somo la Sweta

Kitendawili. Ndugu wawili warefu hugongana vichwa kutwa, na ugomvi wao humpa mtoto joto. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Machakos? Mji mzuri, nimeupokea. Jibu ni sindano za kufumia sweta.

Sindano hizo zimelisha nyumba yetu ya Kabiro, hapa Kawangware, kwa miaka mingi. Nilipokuja kutoka Kitui nikiwa bibi arusi, kulikuwa bado na mahindi katikati ya ploti. Jioni tulisikia vyura. Nilikaa mlangoni nikifuma sweta za shule, na binti yangu Nduku alilala ndani ya kikapu cha nyuzi. Leo mahali pa mahindi pana ghorofa. Vyura sijui walihamia wapi. Nduku naye amekuwa mwalimu wa chuo. Anafundisha ufumaji.

Mwaka huu chuo chao kilibadilisha mpango. Jumamosi wanafunzi huenda chuoni kufanya kazi ya mikono. Siku nyingine masomo ni ya mtandaoni, kwa simu. Wengi wao hufanya kazi mchana, kwa hiyo mpango huo uliwafaa.

Nduku hufundishia hapa nyumbani. Husimamisha simu kwenye mkebe wa majani ya chai. Hufuma mbele yake akisema, "Chukua huu, pitisha hapa, halafu vuta hivi." Vipimo huviandika kwa chaki kwenye ubao mdogo, hupiga picha, kisha huituma. Mimi nilimsikiliza nikichambua maharagwe, moyo umejaa. Mtoto wangu, mwalimu!

Alhamisi moja asubuhi alikuja jikoni na simu mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwaitu, sikiliza hii," alisema. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba chetu.

Simu ilitoa sauti ya kijana. "Mwalimu Nduku, ni Mulei. Asante kwa yote. Jumamosi sitakuja, na sitarudi tena. Mpe mtu mwingine nafasi yangu."

Mulei, mwanafunzi wa Nduku, nilimjua. Alizaliwa Machakos, na sasa anaishi Soweto West, kule Kibera. Haoni tangu utotoni.

"Kwani amepatwa na nini?" nikauliza.

"Nimempigia. Anasema masomo ya simu hayaelewi hata kidogo. Nikamwambia avumilie mpaka mtihani. Akaniuliza, 'Mwalimu, nivumilie nini?'"

"Na Jumamosi, akiwa chuoni?"

"Jumamosi namshika mkono, namwonyesha. Anafuma kuliko wote! Kuna mwenye duka la sare amemwahidi kazi akipata cheti. Akiacha sasa, cheti hakuna, na kazi hakuna." Nduku akaketi. "Labda masomo haya ya simu si ya mtu kama yeye."

"Usiseme hivyo," nilimwambia.

Chuoni kuna ofisi ya kuwasaidia walimu wanaofundisha mtandaoni. Nduku alikuwa amepata ujumbe wao mara nyingi, ila hakupata nafasi ya kwenda. Siku hiyo aliwapigia. Mchana akaja msichana mmoja mchangamfu, jina lake Jackie.

"Sasa, Shosh!" alinisalimia, kama vijana wa hapa wanavyomwita nyanya.

"Poa, mjukuu wangu. Karibu. Umekuja kumshtaki mwalimu?"

"Zi, Shosh! Sisi hatushtaki mtu. Sisi ni kama fundi wa baiskeli. Anayeendesha ni mwalimu. Sisi tunatengeneza mnyororo tu."

Alikunywa chai, akasikiliza habari yote. Kisha akanigeukia.

"Shosh, unajua kufuma?"

"Nilianza kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi leo wewe ndiwe mwanafunzi."

Alinipa sindano na uzi. Akatafuta kwenye simu ya Nduku somo la kola mpya, ambayo mimi sikuijua. Akaliwasha, halafu akailaza simu kifudifudi mezani.

"Chukua huu," ilisema sauti ya Nduku.

"Upi?" nikaiuliza simu.

"Pitisha hapa."

"Hapa wapi, wewe?"

"Mnaona ilivyo? Sasa geuza hivi, kama mimi."

Niligeuza nilivyoweza. Somo lilipokwisha, nilikuwa nimeshika kitu kama kiota cha ndege. Jackie alicheka mpaka akashika meza. Nduku naye alicheka. Kisha akaacha.

"Hivi ndivyo Mulei anavyonisikia," alisema.

"Bado vipimo," Jackie akasema. "Simu ya Mulei humsomea kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini. Hata yako inaweza. Ebu tusikie inasoma nini."

Alibonyeza hapa na pale. Akagusa vipimo vya Jumatatu. Simu ikasema, "Picha." Akagusa vya Jumanne. "Picha." Vya Jumatano. "Picha."

"Mbona haisomi?" Nduku aliuliza. "Nimeandika vizuri!"

"Umeandika kwenye ubao, ukapiga picha. Kwa simu yake hiyo ni kama picha ya ukuta. Simu nyingine hujaribu kusoma mwandiko wa mkono, lakini hukosea sana. Ukichapa maneno yenyewe, itayasoma yote."

Nduku alifunika uso. "Miezi hii yote nimekuwa nikimtumia ukuta."

"Mwalimu, hakuna aliyekufundisha," Jackie alisema kwa upole. "Ulipewa darasa, ukaambiwa fundisha kwa simu. Walimu wengi wanapiga ubao picha. Ndiyo maana tuko. Tunakaa na mwalimu, tunatengeneza somo pamoja."

"Lakini kufuma ni kutazama mkono wa mtu. Nitafumaje kwa maneno?"

Aliposema hivyo, nilimkumbuka mama yangu.

Kule Kitui, wanawake walisuka kiondo, kile kikapu cha katani, wakitembea. Kuni ziko mgongoni, kiondo kinaning'inia kifuani, vidole vinakwenda. Njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo mama alitangulia. Mimi nilifuata na kiondo changu kidogo. Nilichoona mbele yangu ni kuni tu. Mikono yake sikuiona. Basi aliniambia.

"Uzi mnene uko kushoto. Nyuzi nyembamba mbili ziko kulia. Mmoja upite mbele ya ule mnene. Mwingine upite nyuma. Sasa zibadilishane. Kaza." Kisha aliuliza bila kugeuka, "Umegusa fundo dogo?" Nikijibu ndiyo, tuliendelea. Nikinyamaza, alisimama, akanirudia.

Tulipochoka aliita, "Kwata ndai!" Maana yake, kamata kitendawili. Nami niliitikia, "Nakwata!" Vumbi lilikuwa jekundu, kuni zilinukia, na sauti yake ilikuwa mbele yangu kilima hadi kilima. Natamani kuisikia tena, hata asubuhi moja.

Niliwaeleza hayo.

"Cucu sikuwahi kumwona akisuka," Nduku alisema.

"Cucu ni wa Wakikuyu! Bibi kwetu ni susu. Kawangware imekuharibu."

Jackie alicheka. "Shosh, huyo mama yako alikuwa mwalimu wa mtandaoni kabla ya mtandao. Mwalimu, umesikia? Taja jina la kitu. Taja upande. Sema kidole kitagusa nini. Halafu uliza, na ungoje jibu. Ebu jaribu."

Nduku aliingia chumbani, akanifundisha kutoka nyuma ya pazia.

"Mwaitu, sindano yenye mishono iko mkono wa kushoto. Ingiza sindano ya kulia kwenye mshono wa kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma."

"Imeingia."

"Zungusha uzi kwenye ncha ya sindano ya kulia. Vuta kitanzi kitoke mbele. Sasa utagusa kitanzi kipya kwenye sindano ya kulia. Umekigusa?"

"Nimekigusa!"

Mshono kwa mshono, kola ikatokea. Kiota cha ndege kikatupwa kikapuni.

"Nitupe picha pia?" Nduku aliuliza.

"Usitupe. Wenzake wanazihitaji. Chini ya kila picha andika sentensi moja au mbili, useme picha inaonyesha nini."

Nduku akachapa, akasoma kwa sauti: "Hii ni sweta nzuri ya kijani, juu ya meza yenye kitambaa cha maua."

"Sasa Mulei atafuma meza?" Jackie aliuliza.

Tulicheka sote. Nduku alifuta, akaandika upya: "Kola ya V. Ncha ya chini iko katikati ya kifua. Kila upande una mishono ishirini."

"Hiyo sasa ni kola," Jackie alisema. "Na video iwe na maandishi chini, ya maneno unayosema. Kuna mwanafunzi asiyesikia, na kuna aliye kwenye kelele. Simu inaweza kuyaandika yenyewe, lakini yasome uyasahihishe kabla ya kutuma."

"Nina masomo mengi, Jackie. Nitamaliza lini?"

"Usiguse yote. Anza na la Jumatatu. La pili tutafanya pamoja, na nitakukutanisha na mwalimu wa upishi, ameanza hivi pia. Lakini kwanza mpigie Mulei. Yeye ndiye anajua zaidi kinachomfaa."

Nduku alipiga palepale.

"Mulei, nimesikiliza somo langu simu ikiwa imelala kifudifudi. Kumbe nilikuwa nakuchosha bure. Pole sana. Nipe Jumatatu moja. Ikiwa bado ni vilevile, sitakushikilia."

Kisha Mulei akasema, "Kifudifudi? Mwalimu, ulisikia nini?"

"Nilisikia hivi, hapa na huu."

Kijana alicheka, kicheko cha mtu aliyebeba jambo peke yake siku nyingi. "Sawa. Jumatatu nitakuwepo. Na naomba jambo moja. Nitumie sauti peke yake pia. Video inamaliza data yangu, na mimi picha siitumii."

"Hilo sikulifikiria," Nduku alisema. "Nitatuma."

Jumatatu alifundisha. Mimi nilikaa kimya kitandani, hata maharagwe sikuyagusa. Somo likaisha. Simu ikalia.

"Mwalimu, ulisema nipunguze mshono kila upande wa ile ncha," Mulei aliuliza. "Nianze upande wa kushoto au wa kulia?"

"Kushoto!" Nduku aliruka kutoka kitini. "Anza kushoto, Mulei!"

Akauliza la pili. Akauliza la tatu. Kwa miezi yote ya masomo ya simu, Mulei hakuwa ameuliza swali hata moja. Chai ya Nduku ilipoa. Nilipomwambia, alinipungia mkono ninyamaze.

Kabla ya jioni ujumbe mwingine ukaingia. Ulitoka kwa Mutanu, mwanafunzi mwingine, anayeuza mitumba ya watoto pale soko la Toi. "Mwalimu, leo nimefuata yote. Jirani yangu amefungulia spika na sikukusikia hata neno. Nikasoma maandishi."

Jumamosi Mulei alikuwa chuoni, kitini pake. Jumamosi iliyofuata pia, na zote zilizobaki.

Siku ya kuonyesha kazi za mtihani, Nduku alinichukua twende. Sweta zilipangwa juu ya meza ndefu, za bluu, kijani na kijivu. Mulei alikuwa amefaulu. Angeanza kazi kwenye duka la sare mwezi unaofuata. Nilifikiri nitamkuta amekaa akipokea hongera. Nilimkuta kwenye meza ya Mutanu, sweta ya Mutanu mikononi.

"Mutanu," alisema, "mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Ulimfumia makanga wa kuning'inia mlangoni mwa matatu?"

"Mwalimu!" Mutanu alipiga kelele. "Mwambie huyu aache kukagua kazi za watu!"

"Pima kwanza," Nduku alisema.

Mutanu alipima. Akanuna. Kisha akavuta kiti karibu na Mulei, akaanza kufumua.