Kioo cha Lori la Papa Wenceslas

Kila Jumamosi alfajiri, kabla majogoo ya jirani hayajamaliza ugomvi wao, Clothilde alikuwa amekwisha kupanda juu ya bampa ya lori la baba yake na kuanza kusugua kioo cha mbele. Alisugua kwa majivu, akasuuza kwa maji, akakausha kwa kipande cha kitenge kuukuu cha mama yake. Kutoka pale juu aliyaona maporomoko yote ya Kisangani yakitoa povu, na miti mirefu ambayo wavuvi wa kabila la Wagenia wameisimika kwenye mawe ili kutundika mitego yao. Aliweza kuwahesabu watu waliotembea juu ya miti ile, mmoja mmoja. Kioo kilikuwa safi kama vile hakipo.

"Umemaliza?" aliuliza baba yake, Papa Wenceslas, akikaa kwenye usukani.

"Nimemaliza, Papa."

Papa aliinama mbele, akakunja uso, akapitisha kiganja kwenye kioo kwa ndani. "Ukungu iko bado. Hii kioo imezeeka, mama. Muchanga ya vita iliikwaruza."

Clothilde, ambaye baba yake alimwita "mama" kwa mapenzi, alikitazama kioo tena. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alijua kuona.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, kubwa, la magurudumu sita. Papa Wenceslas alilinunua baada ya vita kwa fedha za samaki wa moshi, samaki wa miaka kumi na mitano. Miaka ile ya hamsini, watu weusi wenye malori mjini walihesabika kwa vidole, na kila kidole kilikuwa kimefanya kazi kuliko mkono mzima wa mgeni. Wabelgiji wenye serikali waliuita mji huu kwa jina la mgeni mwenzao. Sisi wenyewe hatukuacha kuuita Kisangani.

Kabla ya lori, Papa alikuwa mpiga kasia wa nyuma. Katika mtumbwi unaopita penye mawe, mtu wa nyuma ndiye anayegeuza chombo, lakini haoni kitu ila migongo ya wenzake. Anayeona ni mtu wa mbele. Akiona jiwe anaita: jiwe kuume, jiwe kushoto, jiwe mbele. Mtu wa nyuma haulizi swali. Mkono wake unafuata sauti. Na anayepewa kazi ya mbele huambiwa sharti moja tu: usifiche jiwe.

Tangu mwaka uliopita, Clothilde alikuwa mtu wa mbele wa lori.

"Shimo kushoto, Papa. Mbuzi kuume. Daraja mbele, polepole."

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Wauza mchele wa barabara ya Bafwasende walicheka, wakasema, "Lori ya Wenceslas iko na redio." Kisha mchezo ukaacha kuwa mchezo. Papa akaacha kusafiri siku za kazi. Akasafiri Jumamosi na wakati wa likizo tu, siku ambazo binti yake angeweza kukaa kando yake. Clothilde akakosa masomo ya Jumamosi, moja baada ya jingine, na mwalimu wake alipouliza, alijibu kwamba mama yake ana kazi nyingi. Huo ulikuwa uwongo wa kwanza. Uwongo haupendi kukaa peke yake.

Siku moja mwezi wa sita, Clothilde alikuwa akila ndizi, akachelewa kuita. Mwanamke mmoja aliyejitwika mkungu wa makemba, zile ndizi za kupika, aliruka mtaroni, na magurudumu yakapita juu ya makemba. Papa alishuka, akamwomba yule mama msamaha mara kumi, akamlipa mkungu wake. Waliporudi garini alikipangusa kioo kwa ndani.

"Usimuambie mama yako," alisema hatimaye. "Ni kioo tu. Tutabadilisha lori, tutapata ingine kubwa kuliko hii, yenye kioo mupya, na maneno itaisha. Hutahitaji tena kuniitia njia. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, Papa."

Clothilde akaitupa dirishani ndizi iliyobaki, akaanza tena kuita njia.

Likizo ilipofika, Papa alivaa koti lake la Jumapili. Katika mfuko wa ndani alitia fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya bati la nyumba. Lori kuukuu pamoja na fedha zile zingeleta lori jipya. Walipita mjini polepole, Clothilde akiita kwa sauti ya chini, "Baiskeli kuume. Askari mbele," hadi walipofika kwenye garaji kubwa iliyouza magari.

Garaji ile ilikuwa na mlango wa kioo upande wa barabara, wenye feni ndani. Huo ulikuwa wa Wazungu. Mtu mweusi, hata akiwa na fedha za lori zima mfukoni, alizunguka nyuma, akapita kwenye lango la mafuta machafu. Na huko nyuma Papa Wenceslas, mwenye mvi, alivua kofia mbele ya muuzaji, kijana Mbelgiji wa miaka ishirini na kitu. Tunayaandika haya ili watoto wayajue. Anayesahau mlango wa nyuma atarudishwa huko huko.

Muuzaji yule alilizunguka lori mara moja, akapiga gurudumu teke. "Chuma cha kuyeyusha," alisema.

Fundi mmoja, kijana aliyeitwa Hilaire, alikuwa amefunua boneti na kuingiza kichwa. "Monsieur, moteur iko muzima kabisa," alisema kichwa kikiwa bado kwenye injini. "Huyu papa analichunga lori yake kama mutoto."

"Nimekuuliza wewe, boi?"

Hilaire alifunga boneti, akaipapasa mara mbili, kama mtu anayempa mwenzake pole.

Muuzaji akataja bei ya kubadilisha. Ilikuwa ya kuumiza, ila Papa hakubishana. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye lori jipya jekundu lililosimama katikati ya uwanja. Kioo chake kiling'aa kama maji ya asubuhi.

"Lijaribu hapa uwanjani, halafu utatia sahihi," alisema muuzaji. "Ukishatia sahihi hakuna kurudisha. Na mtoto asipande. Hapa si sokoni."

Clothilde akabaki kando ya ukuta, kitambaa cha kusugulia kikiwa bado mkononi. Akamwona baba yake akipanda, akifunga mlango, akiinama mbele. Akamwona anakunja uso. Papa akapitisha kiganja kwenye kile kioo kipya. Akapitisha tena. Na Clothilde akajua kwamba ukungu ulikuwa umehama pamoja naye.

Hata hivyo, injini ilinguruma. Labda ilikuwa aibu, labda ilikuwa hamu ya miaka mingi. Miguu ya mtu mwenye hamu haimsikilizi mwenyewe. Wakati ule ule Hilaire aliinama mbele ya gurudumu ili kutoa gogo lililowekwa kulizuia lori. Mgongo wake ulifika kwenye bampa. Muuzaji alikuwa anatazama karatasi zake. Lori likatikisika.

Clothilde alikumbuka ahadi yake. Kama angeita, siri ingemwagika mbele ya watu wote, na baba yake angevunjiwa heshima. Mdomo wake haukungoja amalize kufikiri.

"Jiwe mbele, Papa!"

Alikuwa ameita kama mtu wa mbele anavyoita maporomokoni, na mguu wa Papa ukafuata sauti. Lori lilijikwaa, likazimika. Kati ya bampa na bega la Hilaire palibaki nafasi ya vidole viwili.

Hilaire alisimama polepole, gogo mkononi. "Papa Wenceslas, hukuniona?"

Papa alikuwa bado ameshika usukani. "Sikukuona, mwanangu," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Hata na kioo mupya."

Muuzaji alizunguka akakagua rangi ya lori. "Bon, halikuguswa. Njoo utie sahihi."

"Monsieur, macho yangu imekufa."

"Macho si biashara ya garaji. Sahihi ni hapa."

Papa akashuka. Aliifuata ile sauti mpaka kwenye meza ya muuzaji, akapapasa karatasi, akairudisha kwa kiganja kizima. "Hapana," alisema. Katika uwanja ule, kutoka mdomo wa mtu mweusi, neno lile lilikuwa zito kuliko malori yote yaliyosimama pale. Mafundi waliacha kugonga vyuma.

Clothilde alimkimbilia akilia. "Papa, nisamehe. Nilivunja ahadi."

Papa alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Mutu wa mbele hafichi jiwe. Mimi nilikuambia ufiche, na mimi ndiye nilikosa. Aksanti, mama. Aksanti sana."

Saa sita, wakati wa mapumziko, Hilaire ndiye aliyeliendesha lori kuukuu hadi nyumbani. Alisema ni kidogo tu, kwa mtoto aliyemrudishia bega lake.

Mama Julienne, mamake Clothilde, alikuwa akitwanga makemba. Alisikiliza mambo yote bila kuuweka chini mchi.

"Donc, mwaka muzima nalala na mutu asiyeona, na hakuna wa kuniambia? Na mimi nilisema, huyu mwanaume amekuwa mupole, hasemi tena kama chakula iko na moshi, hasemi kama nguo iko na tundu. Kumbe hakuona!"

Papa akacheka, kicheko cha kwanza kwa miezi mingi. Mama hakucheka. Lakini kesho yake alimshika mkono kutoka mlangoni hadi hospitali, mbele ya macho ya mtaa mzima, na hakumwachia.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa René. Alimulika macho ya Papa, akapapasa kiuno chake, akagusa vinundu vigumu chini ya ngozi.

"Unawashwa?"

"Miaka mingi. Nilifikiri ni damu ya uzee."

"Ni usubi," alisema René. "Vile vijinzi vidogo vyeusi vya kando ya maji yanayokimbia. Vikikuuma vinakuachia wadudu, na wadudu wanatembea chini ya ngozi mpaka wanafika machoni. Mbona hukuja mapema?"

"Nilikuwa nasafisha kioo," alijibu Papa.

René alitikisa kichwa. "Alors, sikia, Papa. Nuru ile imekwenda hairudi, sitakudanganya. Ile inabaki tunaweza kuichunga kwa dawa, ukija kila siku nitakayokuambia. Usukani, basi, usiushike tena. Na huyu mutoto aje pia nimuangalie ngozi."

Ngozi ya Clothilde ilikuwa salama. Mama Julienne alimshukuru Mungu, akamshukuru René, kisha akamshukuru Mungu tena ili asikosee hesabu.

Wiki mbili baadaye Hilaire aliwarudisha garajini kwa lori lao, safari hii watatu: Papa, Clothilde na Mama. Hawakutaka tena lori jekundu. Pembeni ya uwanja palikuwa na kamionete ya kijani, gari dogo la mizigo, iliyokwisha kutumika miaka mitatu. Hilaire alikuwa ameikagua vizuri, na ndiye aliyesema Kifaransa kwa niaba yao. Aliifunua boneti ya lori la jeshi, akaliwasha, akamwacha muuzaji asikilize injini. Akamkumbusha kwamba mwenye shamba la kahawa alipita juzi akitafuta lori kubwa. Muuzaji akawa mwekundu kama lori lake. Mwishowe wakabadilishana, lori kwa kamionete, bila kuongeza hata faranga. Ndivyo kile "chuma cha kuyeyusha" kilivyobeba kahawa miaka mingi baadaye. Tulikiona kwa macho yetu kikipita.

Hilaire aliivua bluzi ya garaji, vazi lake la kazi, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Kuanzia leo nina jina," alimwambia muuzaji. Akakaa kwenye usukani wa kamionete. Walikuwa wamekwisha kupatana na Papa: mmoja ana gari na anajua wauza mchele wote wa barabara, mwingine ana macho, na faida ni ya wawili. Fedha za bati zilinunua bati.

Jumapili ile walikula liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani, wote pamoja na Hilaire. Papa alinawa mikono, lakini hakuanza kula.

"Clothilde," alisema, "nilikupa kazi ya mutu wa mbele, halafu nikakuambia unyamaze. Hizo mbili hazikai ndani ya mutumbwi moja. Siku ile ungenyamaza, Hilaire hangekuwa hapa, na mimi ningekuwa gerezani. Mutu mukubwa akikuambia ufiche jambo linaloweza kuua, hata kama ni papa yako, usifiche. Na mutu mukubwa akiona mwili wake unakataa kazi, asisingizie kioo. Aende kwa muganga mapema. Mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa. Wewe umejifunza mapema, na umenifundisha. Naiweka shukrani yangu hapa mbele ya watu, ili kesho nisijifanye nimesahau."

"Liboke inapoa," alisema Mama Julienne, akipangusa jicho kwa pembe ya kitenge.

Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, Clothilde aliamka alfajiri kwa mazoea, akatoka na ndoo. Alimkuta Papa amekwisha kufika kwenye kamionete, anasugua kioo mwenyewe, kiganja kimoja kikitangulia kutafuta njia na kingine kikifuata na kitambaa.

"Njoo uniangalilie. Iko safi?"

Clothilde alitazama. Aliyaona maporomoko, na miti, na wavuvi juu yake, mmoja mmoja. "Iko safi kabisa, Papa."

"Bon. Ukisema safi, iko safi." Akamkabidhi kitambaa. "Sasa nenda shule. Jumamosi zako nilizokula ni nyingi."

Clothilde alichukua daftari lake, akakimbia.