Mwenye Nyumba Habishi Hodi

Kila akitoka shule, Kesho hupitia kwenye duka la shangazi yake la kuchapa kadi. Hupanga karatasi kwenye printa na kufagia vipande vilivyokatwa, huku mdomo haupoi. Jina hilo la utani hakupewa bure. Kila akiulizwa kazi yake ya shule, jibu lilikuwa "kesho".

Siku hiyo Bibi alikuwa anatoka hospitali, na Kesho ndiye aliyeombwa kuandika maneno ya kadi ya kumkaribisha. Jioni iliyopita aliyaandika kwenye simu ya duka, akayatuma kutoka anwani ya barua pepe ya duka kwenda anwani hiyohiyo, ili shangazi ayafungue kwenye kompyuta. Sasa simu hiyo alikuwa nayo Baba, ambaye alikwenda kumchukua Bibi.

Shangazi alifungua programu ya barua kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuleta barua mpya. Zikaja barua za wateja tu.

"Kesho, umeniangusha tena," alisema kwa huzuni. "Na Bibi yako yuko njiani kuja hapa."

"Haki nimetuma, shangazi!"

"Hata juzi uliniambia hesabu umemaliza."

Kweli juzi alidanganya, na hilo lilimuuma Kesho. Lakini hakununa. "Basi tujaribu," alisema. "Litumie duka neno moja kutoka anwani yako mwenyewe."

Shangazi alituma kwa simu yake. Neno likaingia kwenye kompyuta papo hapo.

"Sasa duka lijitumie lenyewe."

Wakatuma, wakasubiri, wakabonyeza tena. Kimya. Shangazi alikuna kichwa, kisha akafungua sanduku la barua la duka moja kwa moja mtandaoni, bila kupitia ile programu. Neno lilikuwapo. Chini yake yalikuwapo maneno ya Kesho, yametumwa jana jioni.

"Kumbe!" Shangazi alicheka. "Programu hii inaleta wageni tu. Barua ikitoka kwetu, inaona tunayo tayari. Mwenye nyumba habishi hodi kwake!" Akamvuta Kesho kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kabla ya kuchunguza."

"Hata mimi ningejihukumu, shangazi."

"Ndiyo ubaya wa uongo. Ukiuzoea, siku ya ukweli unakosa wa kukusadiki. Lakini leo umetafuta kosa lilipo mpaka tukalipata. Shika njia hiyohiyo, nami nitajifunza kuuliza kwanza."

Wakaichapa kadi kutoka mtandaoni. Wino ulikuwa haujakauka vizuri Bibi alipoingia, ameshika mkono wa Baba. Akasoma polepole: "Bibi, kwenye kiti chako hatukumkalisha mtu." Machozi yakamlengalenga.

"Nani kaandika?"

"Kesho," alijibu Shangazi. "Tena aliyamaliza jana."

"Jana?" Bibi aliangua kicheko, akamkumbatia mjukuu wake. "Basi jina hilo halimfai tena. Mwiteni Leo."