Swali Asilouliza Duwayne

Oleta Stamper alikuwa mpishi wa shule ya msingi katika mji mdogo wa Kentucky, milimani. Asubuhi aliwapikia watoto wa shule nzima. Jioni alijipikia mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipomshinda. Hakujua kupika maharage ya mtu mmoja. Sufuria ilijaa kila mara, naye akala maharage yale yale na mkate wa mahindi kwa siku nne, huku televisheni ikizungumza na ukuta.

Zamani alikula na mjukuu wake, Kayleigh. Mtoto aliishi naye miaka miwili, wakati mama yake, Marcy, alipokuwa akihangaika na maisha huko Ohio. Kisha Marcy akapata kazi ya kudumu. Kabla ya Krismasi alikuja kumchukua binti yake. Ilikuwa haki yake, mtoto ni wa mamaye. Lakini nyumba ya Oleta ilibaki kimya, na kimya kile kilimuuma.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Februari ilipofika, Oleta alikwenda kwa Duwayne kujaziwa fomu ya kodi ya mapato. Duwayne aliuza matairi mwaka mzima. Majira ya kodi aliweka meza katikati ya matairi na kubandika tangazo: MAREJESHO MAKUBWA KULIKO KOTE! Watu walipanga foleni kwenye theluji. Nani asiyetaka kurudishiwa kodi nyingi zaidi?

"Bi Oleta, ua la Kentucky!" Duwayne alimkaribisha. "Vipi, kama mwaka jana?"

Oleta alifungua mdomo. Angeweza kusema: hapana, safari hii niko peke yangu. Lakini maneno hayo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Hata kazini, walipomuuliza habari za Kayleigh, alijibu tu, "Hajambo, anakua."

"Kama mwaka jana," alisema.

Hakumaliza hata kahawa yake, fomu ikawa tayari. Duwayne alijikatia ujira wake humo humo kwenye marejesho, fungu nono. Hela zilipoingia, Oleta alinunua kitanda cha mtoto, cheupe, chenye droo. Akija atalala wapi? alijiuliza.

Mwezi Machi simu ililia. Alikuwa Marcy. Oleta alifurahi mpaka akakaa chini.

"Mama, umemwandika Kayleigh kwenye kodi yako?"

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Salamu zitakuja! Fomu yangu imekataliwa. Wanasema mtoto keshaandikwa na mtu mwingine. Nani huyo, kama si wewe?"

"Ni Duwayne ndiye aliye..."

"Duwayne ndiye bibi yake? Mama, anayeishi na mtoto ndiye hurudishiwa zaidi, na hela ile ilikuwa ya pango. Mwenye nyumba ananitishia kunitoa!"

"Nipe Kayleigh nimsalimie."

"Si leo, Mama." Simu ikakatwa.

Oleta alikaa juu ya kitanda cheupe akalia. Aliogopa deni la kurudisha zile hela, ndiyo. Lakini zaidi aliogopa kwamba simu ile haitalia tena.

Jirani yake, Vernon Tackett, alikuwa karani mstaafu wa reli. Jumamosi alijitolea maktabani, akiwajazia fomu watu wa kipato cha chini bila malipo. Miaka yote Oleta alimpita. Cha bure kina nini? alikuwa akisema. Jumamosi ile alikwenda, macho yamevimba.

Vernon alichukua kalamu. "Tuanze. Nani anaishi nawe nyumbani?"

"Vernon, si unaniona kila siku dirishani?"

"Nakuona. Lakini siandiki ninachokiona. Naandika unachoniambia."

Oleta alitazama mikono yake. "Hakuna mtu," alisema. "Naishi peke yangu."

Vernon alimsogezea kikombe cha kahawa. Hakusema pole. Alikuwa amefiwa na mkewe, alijua jinsi pole zinavyochosha.

Oleta alimweleza yote. Kisha akauliza, "Lakini Duwayne anawezaje kutoa zaidi kuliko wengine?"

"Duwayne hatoi kitu. Sheria ni moja. Wanaangalia ulipata kiasi gani, ulikatwa kiasi gani, unamlea nani. Kilo ya sukari ni kilo, duka lolote. Ukipewa mbili kwa bei ya moja, shtuka."

"Basi wajazaji wote ni sawa?"

"Wapi! Kuna asiyeuliza akakunyima haki yako. Kuna asiyeuliza akakuandikia uongo. Mwema huuliza mpaka umchoke. Anakutajia bei mapema, na bei yake haipandi kwa ukubwa wa marejesho. Tena huweka sahihi yake. Ya Duwayne iko wapi hapa?"

Oleta aligeuza karatasi. Palikuwa na jina lake yeye tu.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Mbele ya serikali, ni lako. Ukisaini, wewe ndiye uliyesema."

"Kayleigh nilimlea mimi, Vernon."

"Ulimlea, na wakati ule ulistahili. Lakini sharti mtoto awe ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka. Mwaka jana aliishi na nani?"

"Na mamake," Oleta alisema polepole.

Wakatuma fomu ya kusahihisha. Ilibidi arudishe fedha alizozidishiwa, kidogo kidogo kila mwezi. Njia ya mwongo ni fupi, ila ya kurudi ni ndefu. Hata hivyo Vernon aligundua jambo. Kulikuwa na nafuu ndogo ya kodi kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo asiyelea mtoto.

"Kumbe hata peke yangu nahesabika?"

"Unahesabika, Bi Oleta."

Jioni alimpigia Marcy. Alimwambia apeleke fomu yake kwa posta, kama Vernon alivyoelekeza, kwa kuwa kompyuta ingeikataa tena. Kisha akavuta pumzi.

"Nilidanganya, mwanangu. Sikutaka kusema niko peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungedhani nataka arudi."

"Hutaki?"

"Nataka sana. Lakini ni wako."

"Subiri, Mama," Marcy alisema kwa upole. "Kayleigh! Njoo, bibi yuko kwenye simu."

Fedha za Marcy zilichelewa, lakini zilifika, naye hakutolewa nyumbani. Julai alimleta Kayleigh. Mtoto alilala kwenye kitanda cheupe wiki mbili, akala maharage mpaka akayakataa.

Februari iliyofuata, foleni ya Duwayne ilikuwa ndefu vile vile. Oleta aliipita akaenda maktaba.

"Nani anaishi nawe, Bi Oleta?"

"Hakuna. Ila Kayleigh alikuja Julai, wiki mbili."

"Wiki mbili si nusu mwaka."

"Najua, Vernon. Sikutaka umwandike. Nilitaka tu nimwambie mtu kwamba alikuja."

Vernon aliweka kalamu chini. "Haya," alisema, "hebu nisimulie."