Taa Iliyoficha Manjano

Kila nikitoka shule nilinawa mikono, kisha nikaingia chumbani kwa mama kumwona mdogo wangu. Alikuwa na siku chache tu duniani, na tayari alishaninyang'anya bibi yangu. Bibi ndiye aliyetawala chumba kile. Alishusha pazia zito ili jua lisimkere mtoto, akawasha taa ya mwanga wa rangi ya chungwa mchana kutwa.

"Ingia taratibu, Wakili," aliniambia siku moja. Aliniita hivyo kwa ubishi wangu.

Mama alikuwa na wasiwasi. "Ananyonya kidogo tu, halafu anasinzia."

"Mpole huyo," bibi akajibu. "Si kama dada yake, aliyetukeshesha."

Nilijifanya sikusikia. Nilikaa sakafuni kupaka rangi ramani yangu ya jiografia. Jangwa nililipaka manjano, lakini rangi haikuonekana. Nikakandamiza penseli, nikarudia, wapi. Nilipotoka nje uani kuichonga, ramani mkononi, nikaduwaa: jangwa lilikuwa manjano tele, tena limemwagika hadi baharini.

Kama taa ile inaficha manjano kwenye karatasi, inaficha nini kwa mtoto? Nikarudi ndani haraka.

"Bibi, tumwangalie mtoto kwa mwanga wa nje."

"Umeshaanza. Kaa kimya, mtoto amelala."

Niliogopa, lakini sikukaa kimya. Nikawaonyesha ramani chini ya taa, kisha nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Mama hakungoja zaidi, akafungua pazia. Uso wa mtoto ulikuwa wa manjano, na alipofumbua macho, hata weupe wake ulikuwa wa manjano. Bibi akaketi kitandani.

Hospitalini, muuguzi alimpima mtoto damu. "Ana umanjano wa watoto wachanga. Ukizidi hudhuru ubongo, ila mmewahi. Tutamlaza chini ya taa maalumu ya matibabu."

"Nilimtazama kila mara, mwanangu," bibi alimwambia muuguzi kwa huzuni. "Sikuona kitu."

"Si macho yako, mama. Taa hazifanani. Wataalamu huzipima kwa kuangazia kadi za rangi, na kuangalia kama rangi zinabaki vile zilivyo kwenye mwanga kama wa jua. Taa hupewa alama, na mia ndiyo ya juu kabisa. Humu tunatumia zenye zaidi ya tisini, kwa sababu tunakagua ngozi za wagonjwa. Yenu itawafaa jioni, maana mwanga hafifu hutuliza mwili kabla ya kulala. Mchana fungueni pazia. Mtamwona mtoto vizuri, na nyinyi wenyewe usiku mtapata usingizi mzuri."

Siku tuliyoruhusiwa, mtoto alinyonya kwa pupa hadi akapaliwa. Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Bibi akanivuta pembeni.

"Nilikunyamazisha, mjukuu wangu, na nusura tumpoteze. Ukiona jambo linalogusa uhai wa mtu, liseme kwa adabu. Mkubwa akikunyamazisha, hata akiwa mimi, liseme tena."