Fomu za Kambi ya Kahawa

Kila asubuhi mimi na mdogo wangu Martini huondoka kambini kwenda shule wakati mama na wachumaji wenzake wanaingia kwenye mibuni. Tunatembea ukingoni mwa lami iendayo Ngorongoro, magari ya watalii yakitupita kwa kasi. Muhula uliopita gari moja lilimgonga Martini kwa kioo cha pembeni, akavunjika mkono. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: njia ya waenda kwa miguu.

Kwa hiyo ofisi ya kata ilipoomba shule yetu isaidie kukusanya maoni, nilifurahi sana. Mji wetu wa Karatu unakua, na kila kaya ilitakiwa kuchagua jambo moja litakaloanza: stendi mpya, taa za barabarani au njia ya waenda kwa miguu. Mwalimu Clemensi alikataza mtu kuhoji nyumbani kwao. Mimi nilipewa nyumba za karibu na soko. Kambi yetu alipewa Hyasinta, rafiki yangu tangu darasa la kwanza.

"Usiwe na wasiwasi, Stumai," aliniambia. "Watu wenu nitawahoji mmoja mmoja."

Nilimwamini. Jumatatu mwalimu alitupa fomu tuzijumlishe, nami nikakimbilia za kambi. Kaya ishirini na sita, na zote zimechagua stendi mpya! Hata mama yangu, aliyembeba Martini mgongoni hadi hospitali, eti alitaka stendi. Nikatazama saa ya mahojiano: Jumamosi, saa nne asubuhi. Msimu wa kuchuma kahawa, saa nne kambini hubaki kuku tu. Watu wote wako shambani mpaka jioni, kahawa inapopimwa.

Nilimvuta Hyasinta nje ya darasa.

"Saa nne ulimkuta nani?"

Aliinamisha kichwa. "Nilienda kweli. Sikukuta mtu."

"Ungerudi jioni."

"Nilichoka, Stumai. Nikajaza tu. Mama anauza chai stendi, nikaona stendi itatufaa wote. Usimwambie mwalimu. Kwani sisi si marafiki?"

Maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Hyasinta huyu huyu aliandika jina lake kwenye plasta ya Martini, akachora na ua. Nilizipeleka fomu kwa mwalimu huku nikilia kwa hasira.

Mwalimu Clemensi hakumchapa. Jioni alituchukua wote wawili mpaka kwenye mzani wa kahawa, akampa Hyasinta fomu mpya. Mama yangu alikuwa wa kwanza kutua debe lake.

"Shikamoo, mama. Ungependa kianze nini?" Hyasinta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Njia ya miguu," mama alijibu. "Miaka kumi na mbili naipita barabara ile, mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa."

Hyasinta aliliandika jibu hilo, akamwita aliyefuata. Foleni ilipoisha, kaya ishirini na moja zilikuwa zimechagua njia ya miguu. Mwalimu alijumlisha na maoni ya mitaa mingine, akatuonyesha: njia ya miguu ndiyo inayoongoza, na ndivyo kata itakavyosomewa.

"Hyasinta," alisema, "uliwasemea watu waliokuwa kazini. Watoto wao wangeendelea kugongwa, na wasingejua ni kwa sababu yako. Ukitumwa kuuliza, uliza. Usipomkuta mtu, andika kwamba hukumkuta, kisha urudi."

"Nimekosa, mwalimu. Nisamehe, Stumai."

Niliwasindikiza wote wawili hadi lami. Mwalimu alitangulia, na Hyasinta akaniuliza kama kesho tutakaa dawati moja.

"Sijui," nilimjibu. Uchungu ulikuwa haujaniisha. Lakini gari la watalii lilipotokea kwenye kona, nilimshika mkono nikamweka upande wa majani, nami nikatembea upande wa magari.