Bomba la Shaba Nyumbani kwa Bi Hannah

Mwaka wa themanini na nne, rafiki yangu Gerishom alikuwa fundi wa mabomba mjini Malindi. Mchana mmoja aliitwa na Bi Hannah, mjane aliyeishi peke yake, azibe bomba la shaba lililokuwa likivuja darini.

"Maji nimeyafunga tangu asubuhi, mwanangu," alisema Bi Hannah, "lakini bado nayasikia yakidondoka."

Gerishom alipanda. Darini mlikuwa na giza totoro na joto la mabati. Alilifuata bomba kwa tochi hadi penye tundu, akalikata hapo. Lilikuwa kavu kabisa. Hata hivyo sauti haikukoma, ila sasa haikuwa ya maji tena. Ilikuwa kama ya mtoto anayenyonya.

Akatia kidole chake cha mwisho ndani ya bomba afute vumbi kabla ya kulichomelea. Sauti ikanyamaza. Kisha kitu chenye joto kikaanza kukivuta kile kidole, taratibu.

"Mama, kuna nani huku juu?" aliuliza.

"Hakuna mtu, baba. Kwani vipi?"

Alipofaulu kukichomoa, kidole kilikuwa kimelowa mate, na kwenye ncha palikuwa na alama za meno mawili madogo.