Saa ya Mwilini mwa Zoleka

Nyumbani kwa MaDlomo, bi harusi huamka kabla ya wote. Hufagia uwanja alfajiri, kisha humpelekea mama mkwe chai kitandani. Zoleka alikuwa ameolewa miezi miwili. Chai yake ilifika saa mbili asubuhi.

"Tumeoa au tumekaribisha mgeni?" MaDlomo alifoka. "Kuku wamechoka kuchakura, wewe ndiyo kwanza unajinyoosha!"

"Nisamehe, Mama. Napanda kitandani mapema, lakini usingizi hauji."

"Nimekuombea hadi magoti yanauma. Jumamosi wazee wa ukoo watakurudisha kwenu."

Kesho yake MaDlomo alikwenda zahanati. Muuguzi Nomvuyo akampima presha.

"Imepanda, Mama. Kuna nini?"

MaDlomo alimweleza yote.

"Na wewe unalala saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Saa tisa usiku niko macho, nasali."

"Nani alikufundisha?"

"Kulala kunafundishwa? Baba yangu alikuwa hivyo hivyo."

Nomvuyo alicheka. "Basi umejijibu. Ubongoni mna saa. Mwendo wake unatokana na jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Saa yako inawahi. Ya Zoleka inachelewa."

"Kwa hiyo Mungu kamuumba mvivu?"

"Kamuumba mtu wa jioni, Mama. Ila saa hiyo husogezwa kidogo. Aamke wakati uleule kila siku, atoke nje kwenye jua papo hapo. Jioni apunguze mwanga, simu aiweke mbali. Hatakuwa kama wewe, lakini atasogea."

Aliporudi, MaDlomo alimuuliza Zoleka, "Mama yako hulala saa ngapi?"

"Mama? Alikuwa anafua usiku, Mama. Majirani wakamwita mchawi."

Saa tisa usiku MaDlomo aliamka kusali. Alipopiga magoti, safari hii alijiombea msamaha yeye mwenyewe.

Jumamosi wazee walifika kukipambazuka. Chai waliletewa na MaDlomo.

"Bi harusi yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala! Na wewe unatumikishwa?"

"Mimi niko macho tangu saa tisa, nikae bure? Mkate huo mnaoumaliza ameuoka yeye jana usiku, mimi nakoroma."

Mzee mmoja aliweka kikombe chini. "Sasa tunamrudisha au hatumrudishi?"

"Mrudisheni, halafu kesho mniokee mkate ninyi."

Walicheka, wakaongeza mkate. Mwezi ulipoisha, Zoleka alikuwa akifagia uwanja saa kumi na mbili na nusu, uso wake ukielekea jua. MaDlomo alimpelekea chai hukohuko.